Maswali ya wasomaji: Kuipanga reli ya Dar es Salaam mezani

Barua za safari hii karibu zote zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: reli ya mjini, ya kweli, ikijengwa kama mfano mdogo, itaenea vipi ndani ya chumba cha kawaida? Tumejibu kwa vipimo. Vyote ni vya mezani isipokuwa tulipotaja vinginevyo.

SWALI: Fundi, salaam. Nina ukuta wa mita 3.6 na mwingine wa mita 2.4, vinakutana kwenye kona. Nataka kuijenga Dar es Salaam pamoja na reli zake tatu: reli ya mita, TAZARA na SGR. Nichague uwiano gani, na je, zote zitaenea?
*Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Chagua 1:120, na sababu ni hizo reli tatu zenyewe. Reli ya mita ina geji (umbali kati ya reli mbili) ya mm 1,000, TAZARA mm 1,067, SGR mm 1,435. Ukigawa kwa 120 unapata mm 8.3, mm 8.9 na karibu mm 12. Sasa angalia saizi za reli za mfano zilizopo sokoni: njia za N ni mm 9 na njia za TT ni mm 12. Kwa hiyo SGR inakaa sawasawa kwenye njia za TT, TAZARA inakaa kwenye njia za N na tofauti yake haionekani, na reli ya mita inazidi kwa kama mm 0.7 tu. Wajenzi wa New Zealand, ambao reli yao ni ya mm 1,067, wamekuwa wakitumia 1:120 juu ya njia za N kwa sababu hiyo hiyo. Tangu 2022 Hornby na Peco nao wameingia kwenye TT ya 1:120, kwa hiyo reli za mm 12, magari na vifaa vidogo vya uwiano huu si shida kama zamani.

Wengi hukimbilia 1:87 kwa sababu vitu vyake vimejaa madukani. Hapo SGR inapata mm 16.5, safi kabisa, na reli ya mita unaitengenezea kwa njia za mm 12. Lakini kila kilomita moja ya kweli inakula mita 11.5 za meza. Kwa 1:120 inakula mita 8.3. Ukuta wako wa mita 3.6 ni sawa na mita 432 za mjini Dar. Hicho ndicho kipimo cha kukaa nacho kichwani kabla hujachora chochote.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo: zote tatu hazitaenea, na usizilazimishe. Stesheni ya TAZARA iko kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, kilomita kadhaa kutoka Stesheni ya zamani ya katikati ya mji, na treni zake haziwezi kuingia kwenye reli ya mita kwa sababu ya geji. Ukiibana pembeni mwa Stesheni utakuwa umejenga mji ambao hakuna mkazi wa Dar atakayeutambua. Ijengee ubao wake baadaye. Kwa sasa chukua kipande kutoka Stesheni kupitia Gerezani hadi kivuko cha Kamata, mahali barabara inapokatiza reli. Kipande hicho kina kila kinachofanya reli ya mjini ipendeze: stesheni ya mwisho wa reli, yadi, njia ya kwenda bandarini, magari yanayosubiri treni ipite, na SGR juu ya daraja kwa nyuma.

Igawe hivi. Ondoa sm 60 za kona. Ukuta mrefu unabaki na sm 300: Stesheni sm 135, yadi na njia ya bandari sm 105, Kamata sm 60. Kwenye kona weka kona ya reli yenye nusu kipenyo cha sm 45, uifiche nyuma ya maghala. Ukuta mfupi unabaki na sm 180. Hapo weka trei ya kuteleza yenye urefu wa sm 110 na njia nne, ambako treni "zinakwenda Ubungo" na kurudi. Kina cha ubao kiwe sm 55 hadi 60. Kikizidi hapo mkono haufiki nyuma, na treni itaanguka mahali ambapo huwezi kuifikia.

SGR iwe ya kuonekana tu. Seti ya Mchongoko, treni ya umeme ya SGR, ina mabehewa manane, na ukichukua mita 25 kwa behewa unapata karibu mita 1.7 za treni. Kuigeuza ndani ya chumba chako kunataka kona ambazo huna. Jenga daraja lililonyooka nyuma ya Stesheni na yadi, sitaha ya upana wa sm 10, nguzo kila sm 25, na treni imesimama juu yake. Daraja hilo lina kazi nyingine kubwa: linaficha maungio ya ubao na picha ya ukutani.

Mwisho, chagua mwaka na usitoke nje yake. Ukitaka daraja na nyaya za umeme, uko 2024 au baadaye, na mabasi ya mwendokasi lazima yawepo. Ukitaka siku za mwanzo za treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini, uko mwishoni mwa 2012: hakuna daraja, hakuna mwendokasi, na anga la nyuma liko wazi. Kuchanganya hivyo viwili ndilo kosa ambalo mtu wa Dar analiona kabla hata hajaangalia treni.

SWALI: Nimechora Stesheni yenye njia nne za majukwaa, zote zinaishia kwenye vizuizi. Rafiki yangu anasema kichwa cha treni kitakwama ndani. Kwa nini, nami nimeona treni zikiingia na kutoka?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Rafiki yako yuko sahihi. Treni inapoingia stesheni ya mwisho wa reli, kichwa kinatangulia hadi kwenye kizuizi na mabehewa yanakifungia nyuma. Kuna njia mbili za kukitoa. Ama kichwa cha pili kinakuja kushika mabehewa upande wa nje na kuondoka nayo, cha kwanza kikifuata baadaye, ama kinakuwepo kipande cha njia mbele ya kizuizi ambako kichwa kinaachia, kinasogea mbele, kinabadili pointi (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili) na kurudi kwa njia ya pembeni. Mezani jenga hiyo ya pili, na hiyo ya kwanza utaweza kuifanya wakati wowote unapotaka.

Futa njia nne, baki na mbili za majukwaa na moja ya kupitishia kichwa. Hesabu yake ni hii. Kichwa cha mita 15 kinakuwa sm 12.5. Behewa la mita 18 linakuwa sm 15, na nafasi ya kuunganishia unaiweka sm 0.5, kwa hiyo mabehewa manne ni sm 62. Treni nzima ni kama sm 75. Mbele yake weka kipande cha kupumzikia kichwa cha sm 16 na pointi ya sm 14, jumla sm 30. Upande wa kuingilia, pointi mbili zinazofuatana zinakula sm 30. Jumla kuu sm 135. Ukitaka behewa la tano, ongeza sm 15.5, na ujue utazikata kwenye yadi.

Kosa linalotokea hapa karibu kila mara ni kupima jukwaa badala ya kupima nafasi salama ya njia. Pointi inapogawanyika, njia mbili huendelea kukaribiana kwa sm kadhaa. Behewa likisimama hapo, kichwa kinachopita pembeni kitaligonga ubavuni. Sukuma behewa lako refu kuliko yote hadi mahali ambapo jingine linapita bila kugusana, tia alama kwa kalamu kwenye taruma (kile kipande cha kukingama kinachobeba reli), na anza kupima treni kutoka kwenye alama hiyo.

Pointi za mpango huu wote ni sita: tatu Stesheni, moja ya njia ya bandari, mbili za yadi. Usiongeze. Njia ya bandari inapita kwenye uwazi kati ya maghala mawili na kuishia nje ya macho. Behewa la makontena likisukumwa kule na kurudi, mtazamaji anaijaza bandari mwenyewe.

Kuhusu vichwa: vile vya aina ya daraja la 73 vya reli ya mita vina ekseli sita, na hutavipata dukani kwa 1:120. Nunua kichwa cha N cha Kimarekani chenye ekseli sita, vua bodi, utumie chasisi. Kabla ya kununua pima vitu viwili: umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya tatu ya bogi (fremu inayobeba magurudumu), na umbali kati ya vitovu vya bogi. Cha kwanza kikiwa karibu mm 26 hadi 28 jicho linaridhika. Cha pili kikizidi kwa mm 5 au 6 unaweza kukificha kwa kurefusha bodi kidogo. Bodi ya plastiki au ya kuchapwa kwa printa ya 3D itakuwa pana kuliko ile ya asili ya N, kwa hiyo chasisi inaingia bila kukwanguliwa.

SWALI: Mpango huu nitautumia Mombasa? Ninapenda sana zile injini kubwa za mvuke za daraja la 59.
*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Utautumia, kwa mabadiliko matatu. Kwanza, usiweke daraja la SGR wala nyaya. SGR ya Kenya iliyofunguliwa 2017 inaendeshwa kwa dizeli, na stesheni yake iko Miritini, haiingii kisiwani. Pili, badala ya kivuko cha Kamata weka tuta la Makupa kama lilivyokuwa enzi za mvuke, kabla ya kubadilishwa na daraja mwaka 2022. Maji pande mbili, reli na barabara zikienda sambamba: ni njia nzuri sana ya kuitoa treni kwenye mandhari, na haina majengo mengi ya kujenga.

Tatu, na hili ndilo zito, urefu. Daraja la 59 ni Garratt, injini za mvuke zenye bodi ya sehemu tatu, zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zote 34, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina urefu wa karibu mita 31.7, yaani sm 26.4 mezani. Kile kipande cha kupumzikia kichwa cha sm 16 hakifai, kifanye sm 30. Kizuri ni kwamba Garratt inakimbia vizuri upande wowote, kwa hiyo huhitaji sahani ya kugeuzia. Kwenye kona bodi yake imekatika sehemu tatu, nayo inapita kona ya sm 45 kwa urahisi kuliko unavyodhani, mradi mabomba ya mvuke kati ya sehemu hizo yawe ya mpira laini na siyo waya. Kwa vipimo na rangi, nenda Makumbusho ya Reli Nairobi, ambako 5918 *Mount Gelai* na 5930 *Mount Shengena* zimehifadhiwa. Beba futi ya chuma na daftari, na uombe ruhusa ya kupima.

SWALI: Reli zangu zimenyanyuka katikati, na nilizigandisha vizuri tu. Kiyoyozi kinazimwa mchana. Ni joto?
*Msomaji, Maskati*

JIBU: Joto linachangia kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Reli ya mita 3 ikipata nyuzi 20 za joto zaidi inarefuka kama mm 1. Mkosaji mkubwa ni mbao. Kiyoyozi kikiwaka hewa inakauka na mbao zinasinyaa, kikizimwa unyevu unarudi na mbao zinavimba, nazo reli hazifuati. Ubao ukisinyaa reli hazina pa kwenda ila juu.

Kata maungio mawili au matatu kwa msumeno mwembamba, uache uwazi wa mm 0.5 mahali ambapo nyaya za umeme ziko pande zote mbili za mkato. Usiyalehemu maungio yote: lehemu yaliyo kwenye kona tu, ya mahali palipo nyooka yaache huru. Ubao wa chini uwe plaiwudi ya mm 9 au 12. MDF, ubao wa unga wa mbao, hunywa unyevu ukingoni na haurudi ulivyokuwa. Paka plaiwudi rangi ya mafuta au vanishi pande zote, hata chini na kingoni. Upande mmoja ukiachwa bila rangi ubao utapinda, na kazi yote ya kupima maji itakuwa imepotea.

SWALI: Treni yangu inakwama kila inapofika kivuko cha barabara, na wakati mwingine umeme wote unakatika ikipita kwenye pointi. Nimesafisha reli mpaka nimechoka.
*Msomaji, Temeke*

JIBU: Hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

La kivuko. Kamata ni mahali ambapo lami inafika usawa wa reli, na wengi wanaijaza jipsamu mpaka juu kabisa ya reli. Jipsamu ikikauka inabaki na vijidonge vinavyozidi kichwa cha reli kwa upana wa unywele. Hiyo inatosha kuinua gurudumu la N, na kichwa kinakosa umeme. Lami inatakiwa iwe chini ya reli kwa mm 0.3. Ndani, kati ya reli na lami, acha mfereji wa mm 1 kila upande kwa ajili ya ukingo wa gurudumu. Njia rahisi: weka vipande vya plastiki vya mm 1 vikiwa vimesimama kando ya reli kwa ndani, jaza jipsamu kati yake, isugue kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kipande cha mbao ikiwa bado na unyevu, kisha vuta vile vya plastiki kabla jipsamu haijavishika. Pitisha behewa tupu kwa kidole. Likiruka hata kidogo, tafuta mahali linapoanzia kuruka, siyo linapoangukia. Mfereji huo utakuwa unakusanya vumbi, na vumbi la Dar halina mchezo, kwa hiyo upitishie kijiti cha meno kabla ya kuendesha.

La pointi. Ukitumia pointi ambazo kile kipembe cha chuma reli zinapokatana kina umeme, kipembe hicho kinabadili upande kila unapobadili pointi. Njia ya kupitishia kichwa pale Stesheni ina pointi mbili zinazotazamana kwa nyuma. Kama reli zinazotoka kwenye vipembe hivyo viwili zimeunganishwa moja kwa moja, siku pointi zikielekezwa tofauti umeme unagongana na mashine inayolisha reli umeme inajizima. Mashine haina kosa. Weka viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye kila kipembe, kisha upe kila kipande cha njia kilichobaki katikati waya wake wenyewe.

Waya mkuu chini ya ubao uwe wa mm² 1.5, rangi mbili usizozibadili popote. Waya za kupanda kwenye reli ziwe za mm² 0.5, na kila kipande cha reli, hata cha sm 8, kipate zake. Usitegemee viungio vya chuma kupitisha umeme: vikishapakwa rangi ya kutu na kumwagiwa gundi ya kokoto vinakufa kimoja kimoja. Kwa mpango huu mfumo wa kidijitali wa ampea 2 unatosha na kusalia, kwa sababu huwezi kuendesha zaidi ya treni mbili kwa wakati mmoja hata ukitaka.

SWALI: Ninajenga Gerezani nikiwa mbali na nyumbani. Majengo ya kununua huku ni ya Kizungu, mapaa ya vigae, hayafanani kabisa. Mabati nitayapata wapi?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Yatengeneze. Migongo ya bati la kawaida iko kama mm 76 moja hadi nyingine, yaani mm 0.63 kwa 1:120. Nondo ya nyuzi ya M4 ina nyuzi kila mm 0.7, na hapo jicho halioni tofauti. Chukua sahani ya alumini ya chakula cha kubeba, kata vipande bapa, viweke juu ya soli ya kandambili, na uviringishe nondo juu yake ukikandamiza kwa mikono miwili, mara moja tu bila kurudi. Mifereji itatoka imeegemea kama digrii 3 kwa sababu ya mzunguko wa nyuzi za nondo. Usijali: kata bati kwa kufuata mifereji, siyo kwa kufuata ukingo wa kipande. Bati moja liwe mm 6.5 kwa mm 21 au 25. Yagandishe yakipandiana kwa mgongo mmoja, kuanzia chini ya paa kwenda juu, kama yanavyoezekwa kweli.

Rangi ndiyo inayoleta mji. Pulizia kijivu cha praima kwanza, la sivyo alumini haitashika rangi. Halafu paka bati moja moja, siyo paa zima: matatu ya kijivu kilichofifia, moja la kutu iliyokolea, moja jipya linalong'aa pale palipozibwa. Kutu ianzie kwenye misumari na kwenye maungio, iteremke na mifereji. Kutu iliyotapakaa paa zima kwa usawa ni ya uongo.

Kwa vipimo vya mtaani: mlango wa mita 2.1 ni mm 17.5, bajaji ni kama mm 22, daladala aina ya Coaster ni kama mm 58, na basi refu la mwendokasi la mita 18 ni sm 15, sawa na behewa. Weka moja tu. Mataruma nayo yaangalie: njia nyingi za zamani za reli ya mita zina mataruma ya chuma, SGR na TAZARA ni ya zege. Njia za N za dukani zimeigiza mbao, tena zimebanana. Kwenye yadi kata vile vishikizo vya plastiki vya chini, sogeza mataruma hadi nafasi ya mm 6, yapake kahawia ya kutu, kisha mwaga vumbi la rangi ya udongo mpaka nusu yake yazame. Kokoto safi za kijivu zimwage chini ya majukwaa na juu ya daraja la SGR tu.

Kwa picha tumia za satelaiti kwa ramani ya mapaa, na mwombe ndugu aliyeko Dar akupigie za mitaa kutoka barabarani. Asielekeze kamera ndani ya bandari wala yadi ya reli bila kibali. Hayo ni maeneo ya ulinzi.